Kitambaa cha Siku za Mvua

Mvua ikianza kupiga mabati, mikono yangu hutafuta kitu cha kufumua. Ukingo wa shali, uzi uliochomoza kwenye mkono wa sweta, hata mshono wa gunia la unga. Binti yangu hunicheka. Anasema ninaharibu nguo nzima kwa ajili ya manyunyu, na mimi humjibu kwamba Bunia haijui manyunyu, inajua mvua. Sijawahi kumwambia zaidi ya hapo. Nimekuwa mtu wa kuficha mambo madogo, na makubwa ndiyo usiseme.

Majuzi tulimzika Mama kule Aru. Mdogo wangu, aliyezaliwa huko, aliingia chumbani akatoka na mkebe wa biskuti uliokuwa chini ya kitanda. "Alisema hii iko ya kwako, yaya," akaniambia, maana kwetu yaya ni ndugu mkubwa, akanikabidhi kwa mikono miwili. Nilirudi nao Bunia kwenye basi, nimeupakata njia nzima bila kuufungua. Harufu ilijitokea yenyewe pembeni mwa kifuniko: naftalini, na chini yake harufu ya uzi wa pamba uliolowa ukakauka mara nyingi. Ninyi wa umri wangu, mliokulia chini ya mabati katika ile miaka ya amani isiyotulia, mnaijua. Ni harufu ya nguo zilizoanikwa ndani kwa sababu nje hapakuwa pa kuaminika.

Mkobani nilikuwa na kitabu. Rafiki yangu mmoja, mwalimu wa Kifaransa, huniletea riwaya hizi mpya ambamo hekaya za kale za Wagiriki zinasimuliwa upya na wanawake. Wake, mama na mabinti, wale waliopewa mstari mmoja tu zamani kisha msimulizi akarudi mbio kwa mashujaa wake, sasa wanapewa kitabu kizima. Ninazipenda riwaya hizo na ninazigombeza, kama ninavyofanya na ndugu zangu. Hii ilikuwa ya mke wa mfalme wa kisiwa, ambaye mumewe alikwenda vitani akapotea miaka mingi. Wanaume walijaa uani kwake, kila mmoja akitaka aolewe naye. Akawaambia wangoje kwanza amalize kufuma sanda ya baba mkwe wake. Mchana alifuma, usiku alifumua, na wao wakangoja. Nilisoma kurasa hizo nimekaa kwenye kiti cha plastiki pale msibani, kati ya wanawake waliokuwa wakimenya ndizi, nikashindwa kuendelea. Mmoja wao alinishika bega, akidhani ninamlilia Mama. Alikuwa sahihi kuliko alivyojua.

Hekaya hiyo niliisikia kwanza nikiwa na miaka kumi. Niliisikia nusu, na ile nusu niliyonyimwa ndiyo iliyotupotezea nyumba na ndiyo iliyonipotezea Mama.

Tulikuwa tukikaa Rwambuzi, mtaa mmoja wa Bunia, katika nyumba ya matofali ya udongo yenye vyumba viwili na baraza nyembamba. Kiwanja kilikuwa cha baba yake Baba. Baba alikuwa dereva wa lori la mizigo, akipeleka maharage na mafuta ya mawese Aru na kurudi na sabuni, chumvi na ndoo za plastiki. Wakati wa vita aliondoka asubuhi moja kama alivyozoea, akiwa na shati la mistari na radio ndogo mfukoni. Lori lilikutwa baadaye kando ya barabara, limeng'olewa milango. Baba hakukutwa. Hakuna aliyeuona mwili wake, wala kiatu, wala ile radio.

Kisha bunduki zikanyamaza, au tuseme zilipunguza sauti. Tulirudi shule, soko likafunguliwa, magari meupe ya walinda amani yakawa yanapita na vumbi lake. Lakini ilikuwa amani ya kusikiliza. Mtu akiangusha sufuria, watu wazima wote walinyamaza kwanza, kisha ndipo walimkaripia. Watu wa vijijini Djugu walikuwa bado wanaishi chini ya mahema pembeni mwa mji, na kila wiki mtu fulani aliyedhaniwa amekufa alitokea. Jirani yetu, mama wa mapacha, alikuwa amekwisha kunyoa nywele za ujane mume wake alipoingia uani kwa miguu, amevaa ndala mbili zisizofanana, akaomba maji. Tulisimama sote kwenye ua tukimtazama anavyokunywa. Tangu siku hiyo Mama alianza tena kupiga pasi mashati ya Baba.

Upande wa Baba hawakutaka kungoja. Tate, yaani bibi yangu mzaa Baba, aliishi Aru kwa mwanawe mdogo, Baba Mudogo wetu, ambaye kazi yake ilikuwa kushughulikia karatasi za malori pale mpakani. Walikuwa wakija pamoja, Tate na fimbo yake, Baba Mudogo na mfuko wa biskuti zangu. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo. Ningalipenda kuwa na mtu wa kumchukia. Mazungumzo yao yalipoanza mimi nilitumwa nje, kwa hiyo haya ninayoyasimulia niliyajua ukubwani kutoka kwa Mama Mukubwa, dada yake Mama, aliyekuwepo siku ile.

"Yaya analala inje siku zote hizi," Baba Mudogo alisema. "Hana hata fasi ya kumuwekea mauwa. Watu wanatusema."

Kwao, mtu akipotea bila mwili kupatikana, hukatwa shina la mgomba lenye urefu wake, likavikwa shuka, likazikwa mahali pake, na kilio kikafanyika. Baada ya kilio, mjane na watoto huwa mikononi mwa ndugu wa marehemu. Baba Mudogo alikuwa na mke tayari, lakini hilo halikuwa kizuizi. Mama angehamia Aru awe mke wake wa pili, nasi tungekiacha kiwanja cha Rwambuzi kwa ukoo. Mama akikataa, angetoka na nguo zake tu, mtoto abaki. Mtoto mwenyewe nilikuwa mimi, peke yangu.

Mama hakukataa. Alipiga magoti mbele ya Tate, akasema maneno ambayo Mama Mukubwa aliyakariri kwangu mara nyingi, na kila mara kwa aina fulani ya majivuno. "Nimekubali, mama. Nimekubali, shemeki. Lakini bwana yangu hawezi kukaa juu ya meza ya utupu. Acheni nimusukie kitambaa yake kwanza, na mikono yangu mwenyewe."

Hapo aliwashika. Kwenye kilio cha kwao, picha ya marehemu huwekwa juu ya meza ndogo iliyotandikwa kitambaa cheupe cha kroshe, na kitambaa hicho hufumwa na mjane. Hakinunuliwi, na hakuna anayemharakisha anayekifuma, kwa sababu wanasema kitambaa cha haraka huita kilio kingine. Tate mwenyewe alikuwa amemfumia mume wake. Alimshika Mama kichwani akamwambia, "Usikimbize mukono, mukamwana. Miye, ya muzee yangu nilisuka mpaka mavuno ikapita."

Basi Mama akaanza kufuma. Alirudi sokoni alikouza maharage na fretini, wale samaki wadogo wakavu, akanawa mikono, akakaa barazani na sindano yake yenye ndoano na uzi mweupe, wapita njia wakimwona. Kitambaa kilianzia katikati, ua moja dogo, kisha duru baada ya duru likienda likipanuka. Zilitakiwa duru kumi na moja ili kifunike meza. Majirani walimsifu, na mpita njia yeyote aliyetoka Aru aliweza kwenda kumwambia Tate kwamba mkamwana wake anafanya kazi.

Mvua iliponyesha, alifumua. Hakungoja usiku kama yule mke wa mfalme, maana nyumba yetu haikuwa na taa ya kupoteza. Alingoja mvua. Mvua ya kwetu ikipiga mabati, hakuna anayetembelea mwenzake. Watu hubaki walipo mpaka iishe. Mama alifunga mlango, akakaa kwenye mkeka, akatafuta mwisho wa uzi, akavuta. Duru mbili, wakati mwingine tatu. Uzi uliofumuliwa hubaki na mikunjo, kwa hiyo aliuzungushia mgongo wa kiti, akaunyunyizia maji na kuuacha ukauke ndani. Hiyo ndiyo harufu ya ule mkebe. Nilikulia ndani yake karibu miaka miwili, na kitambaa hakikupita duru ya nane.

Mimi niliona kila kitu na sikuelewa hata kimoja. Niliamini kwamba Mama hajui kufuma. Shuleni, kila Ijumaa, tulikuwa na saa ya kazi za mikono, na mwanamke mmoja mzee alitufundisha kroshe. Nilikuwa hodari, nilimaliza vifuniko vya glasi kabla ya wenzangu wote. Kwa hiyo nilipomwona Mama akifumua tena na tena nilimhurumia. Nilidhani kelele ya mabati inamchanganya, anapoteza hesabu ya vitanzi, kisha anaona aibu. Siku moja nilimuuliza, "Mama, unakosa tena?" Akasema, "Ndiyo, nimekosa tena," bila kuinua macho. Nikamwambia atazoea tu.

Tate akija, swali lake la kwanza lilikuwa moja. "Kitambaa imefika wapi?"

"Iko inaendelea, mama."

"Na uzi hii iko nyeusi juu ya nini?"

"Ni vumbi ya soko, mama."

Mwalimu wetu wa mwaka wa tano alikuwa na kitabu kimoja kisicho na jalada. Vitabu vingine vya shule vilikuwa vimewashiwa moto na watu wenye silaha waliopikia madarasani. Hicho kimoja kilikuwa na hekaya za Wagiriki kwa Kifaransa, na Mwalimu, akichoka kutufundisha sehemu na desimali, alikifungua na kututafsiria palepale. Alikuwa akimpenda yule mfalme wa kisiwa. Alitusimulia safari zake zote, jitu lenye jicho moja, upepo uliofungwa mfukoni, wenzake waliogeuzwa nguruwe. Tulisahau njaa. Siku ya mwisho niliinua mkono.

"Mwalimu, na bibi yake? Yeye alikuwa anafanya nini?"

Mwalimu aligeuza kurasa mbili au tatu. Sijui kama ukurasa uliohitajika ulikuwa umechanika, au kama aliona hauna uzito, au kama alikuwa tu akisikilizia kama wanakaribia kugonga ule mduara wa gurudumu uliokuwa kengele yetu. "Alikuwa anasuka kitambaa," akasema. "Anasuka, anasuka, anamungoja bwana yake. Siku kitambaa iliisha, bwana akafika. Basi. Mufunge madaftari."

Nilitembea kurudi Rwambuzi nikiwa nimejaa habari. Hakuna mtu aliyekuwa ameniambia kitambaa cha Mama ni cha nini. Niliambiwa tu ni cha Baba. Sasa nilijua. Mke hufuma, mume yuko njiani, na siku kitambaa kikiisha, mume anafika. Kila kitu kililingana: kitambaa, barabara mbaya, mume aliyepotea. Kasoro ilikuwa moja tu, kwamba mke wetu sisi hakuwa hodari, na kila alipokosea hesabu Baba alirudishwa nyuma. Nililia njiani kwa kufikiri Baba amesimama mahali fulani karibu na Mahagi, amechoka, anangoja Mama ajifunze kufuma.

Nimesoma wakosoaji wakiuliza kuna haja gani ya kusimulia tena hekaya za kale kwa upande wa wanawake, kwamba zilishasimuliwa, zilishatosha. Siwezi kubishana nao kwa utulivu. Ninamjua mtoto mmoja ambaye angeambiwa sentensi moja zaidi, kwamba mke yule alifumua na alifumua makusudi, angekaa kimya na mdomo wake na mikono yake.

Muda si mrefu Tate alikuja kutibiwa mguu uliokuwa umevimba. Akakaa kwetu. Mvua ikinyesha naye yumo ndani, fimbo yake imeegemezwa ukutani, akimtazama Mama. Mama hakuweza kufumua tena. Alifuma polepole, akilalamika kwamba mwanga ni mdogo, kwamba kichwa kinamuuma, lakini kitambaa kilisogea. Duru ya tisa ikatimia. Ndipo akamwambia Tate kwamba uzi umeisha, na uzi wa aina ile sokoni hakuna, labda uagizwe Butembo.

Nilishangaa. Uzi haukuwa umeisha. Nilikuwa nimeuona, donge zima, chini kabisa ya ndoo ya unga wa muhogo, limefungwa kwenye mfuko. Nikafikiri: maskini, hata alikoweka uzi amesahau.

Mchana Mama alikuwa sokoni, na Tate, akishameza dawa zake, alilala. Nilitoa donge kwenye unga nikaenda kukaa nyuma ya nyumba, kati ya ukuta na ua wa matete. Nilifuma siku nne. Mkono wangu ulikuwa wa kubana. Vitanzi vyangu vilikuwa vidogo kuliko vya Mama, na ukingo ulianza kujikunja. Niliuvuta ukanyooka. Sikuwahi kufanya kazi kwa furaha kama ile, wala sijawahi tangu hapo. Nilipofika mwisho wa duru ya kumi na moja nilikata uzi kwa meno, nikapitisha ncha ndani ya kitanzi cha mwisho, nikakaza fundo.

Nilikitandika juu ya meza ndogo inayotazamana na mlango, chini ya picha ya Baba, ili akiingia akione kwanza. Kisha nikanawa uso na miguu nikavaa gauni la Jumapili.

Tate aliamka akiwa bado na usingizi. Alipokiona alisimama, akasogea bila fimbo yake, akagusa ukingo, akakaa chini kwenye mkeka. Alikuwa akilia bila sauti. Nilifikiri ni furaha. Mama alifika saa hiyo hiyo, beseni la fretini lingali kichwani.

"Asante, mukamwana," Tate akasema. "Umemaliza."

Mama aliitazama ile meza. Kisha Tate, ambaye macho yake kwa kroshe hayakuwa yamezeeka, alipitisha kidole pale vitanzi vilipobadilika. "Lakini hii si mukono yako. Nani alisuka hizi mbili?"

Ninajua sasa kwamba kulikuwa na mlango umebaki wazi hapo. Kitambaa kilipaswa kuwa cha mikono ya mjane. Mama angeweza kusema kimeharibika, akakifumua chote mbele ya Tate na kuanza upya, na desturi ingekuwa upande wake. Nilimwona akivuta pumzi ya kusema. Nikamtangulia.

"Ni miye, Tate. Nilimusaidia Mama. Uzi ilikuwa mu ndoo ya unga."

Tate alimtazama Mama, naye Mama akatazama sakafu, na ninaamini katika muda huo mfupi yule mwanamke mzee alielewa miaka miwili yote, mvua zote na uzi mweusi. Hakumuumbua. Alinivuta karibu akaniweka mkono kichwani kama alivyomwekea Mama siku ile.

"Ni mutoto yake," akasema. "Mukono ya mutoto yake mwenyewe ndiyo imemufungia. Hakuna mukono inapita hii."

Mama alishusha beseni. Aliliweka chini taratibu sana, akalisogeza ukutani kwa mguu, kazi ndogo zisizo na haraka. Kisha akaja akapiga magoti mbele ya meza akapapasa duru zangu mbili. "Umesuka muzuri, mama," akaniambia. Kwetu mzazi humwita binti yake mama akitaka kumbembeleza. Machozi yalikuwa yanamtoka, nami nikajua wote wawili wanafurahi, na nikaenda kukaa kizingitini.

Nilikaa hapo mpaka chakula kikaiva. Niliitwa mara mbili sikuenda. Mwishowe Mama alikuja akachuchumaa kando yangu.

"Unangoja nani?"

"Baba. Mwalimu alisema kitambaa ikiisha, bwana anafika." Nikamweleza hekaya yote, kisiwa, jitu, nguruwe, na mke anayefuma. Alinisikiliza mpaka mwisho. Hakunikatiza hata mara moja. "Atafika saa ngapi, Mama?"

Mama alitazama barabara. Ilikuwa imebaki kidogo giza liingie, watu walikuwa wanaharakisha kurudi majumbani kama ilivyokuwa desturi ya siku zile. "Barabara iko mubaya," akasema. "Kula kwanza."

Kilio kilifanyika mwezi huo. Walikata mgomba wa jirani, wakaupima kwa suruali ya Baba, wakauvika shuka. Ulikuwa mzito na ulivuja maji, shuka likalowa, na wanaume walioubeba waliteleza kwenye tope wakaomba radhi kana kwamba yumo. Picha ilikaa juu ya kitambaa. Wageni wote walioingia waliambiwa ni binti yake aliyekimalizia, na wote walinishika kichwa. Kufikia wa kumi nilikuwa nimeelewa. Hakuna aliyenieleza; nilisikia udongo ukianguka juu ya ule mgomba, na jambo likaniingia akilini lenyewe.

Mama alihamia Aru. Mimi nilibaki Bunia kwa Mama Mukubwa, katika mtaa wa Lumumba, kwa sababu ya shule, walisema. Nyumba ya Rwambuzi iliwekwa watu wengine. Nilimwona Mama wakati wa likizo, barabara ikiruhusu, na kila mara alikuwa na tumbo au na mtoto mgongoni, na alinikumbatia kwa mkono mmoja. Sikumwona tena na sindano ya kroshe. Baba hakurudi. Sijui kama alikufa kabla sijakaza lile fundo au baada yake, na mtu anaweza kuishi muda mrefu sana na swali la aina hiyo.

Mara moja tu, nikiwa mtu mzima, nilijaribu. Tulikuwa jikoni kwake, tunachambua sombe, yale majani ya muhogo. "Mama, ile kitambaa," nikaanza. Akanikatiza kwa upole: "Ongeza kuni, mama. Moto iko inazima." Nikaongeza kuni.

Yule mke wa kisiwani, katika riwaya niliyomaliza kuisoma baada ya mazishi, anaokoka. Anapewa sauti, hasira na ucheshi, na ninamshangilia. Lakini nimegundua jambo ambalo waandishi hawakulitaja, labda kwa kuwa hawakulea wasichana Rwambuzi. Alikuwa na mtoto mmoja tu, na wa kiume. Angekuwa na binti wa miaka kumi, hodari wa mikono, aliyempenda baba yake, asingemaliza hata mwaka wa pili.

Jana mvua ilinyesha mchana kutwa. Binti yangu alikuwa shuleni. Nilifunga mlango, nikakaa chini na ule mkebe, nikaufungua.

Kitambaa kilikuwamo, kimekunjwa mara nne. Nilikifungua juu ya magoti, nikazitafuta duru zangu mbili, na zilikuwepo, zimebana, ukingo umejikunja vilevile. Hakuwa amezifumua. Lakini nilipofika mahali pa mwisho, fundo langu halikuwepo. Mama alikuwa ameivuta ncha ya uzi kurudi nyuma, ile moja tu, kitanzi cha mwisho kikabaki wazi, na ili kisiponyoke alikuwa amekishika kwa pini ya kufungia nepi. Kitambaa hakikuwa kimeisha. Hakikuwa kimeisha miaka yote hiyo, chini ya kitanda cha mume mwingine, huko Aru.

Kwenye uzi, kuzunguka kitanzi, kulikuwa na madoa ya kutu. Niliyasogeza dirishani nikayatazama vizuri. Yalikuwa manne, na hayakuwa ya umri mmoja: la kwanza limefifia likawa rangi ya chai, la mwisho bado jekundu. Kila pini ilipokwisha kuliwa na kutu, alikuwa ameitoa akaweka nyingine. Ile niliyoikuta mimi ilikuwa mpya.